Chujio la kujitengenezea kwa samaki wa Ziwa Tanganyika: je, mchoro wa tangi la matumbawe unafaa?

*"Naishi Mwanga, Kigoma Mjini. Fundi wa vioo amenitengenezea tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Nataka kufuga samaki wa mapambo wa ziwa letu wenyewe, na chujio nataka nilitengeneze mwenyewe kwa sababu bei ya dukani siiwezi. Nimeangalia video nyingi za wanaofuga matumbawe ya baharini, nikachora mpango kama wao: tangi la pili ndani ya kabati lenye vyumba vitatu, kitoa povu, mawe mengi, na chumba kimoja cha mkaa. Rafiki ameniambia mkaa ukiwa mwingi hata kubadilisha maji sitahitaji. Kwa majaribio niliweka samaki sita kwenye beseni la maji ya ziwa la kama lita 60, na pampu ndogo ya kuzungusha maji kwenye ndoo yenye pamba na mkaa. Maji yalikuwa meupe, unaona hadi chini. Siku ya tatu usiku umeme ukakatika kwa saa chache. Siku ya nne wakawa wanahema juu ya maji, kesho yake asubuhi watatu wamekufa. Kosa ni mkaa kidogo, pampu ndogo, au nini? Na mpango wa tangi kubwa nibadilishe wapi?"*

Pole kwa samaki hao, na umefanya vizuri kujaribu kwenye beseni kabla ya kujaza tangi. Umeuliza mambo mawili: kwa nini samaki wamekufa kwenye maji yanayoonekana safi, na kama mchoro wa tangi la matumbawe utakufaa hapo Kigoma. La kwanza ndilo linaloamua la pili, kwa hiyo naanza nalo.

Maji kuwa meupe hakumaanishi kwamba ni salama. Pamba yako ilifanya kazi yake, ikanasa kinyesi na mabaki ya chakula unayoweza kuyaona. Lakini taka kubwa ya samaki haionekani. Protini anayokula ikishatumika mwilini, sehemu kubwa ya nitrojeni yake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, na amonia haina rangi. Tufanye hesabu ya beseni lako. Tuseme ulikuwa unawapa gramu 2 za chakula kwa siku, chenye protini asilimia 40. Ndani yake mna nitrojeni kama gramu 0.13, na zaidi ya nusu yake inarudi majini kama amonia. Kwenye lita 60 hiyo ni zaidi ya miligramu 1 kwa kila lita, kila siku. Siku ya tatu umeshavuka miligramu 3, na hakuna kitu ndani ya ndoo yako kinachoipunguza.

Hapa ndipo ziwa letu linapotofautiana na maji ambayo vitabu vingi vya ufugaji vinayazungumzia. Maji ya Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, ya kati ya 8.6 na 9.2 hivi, kwa sababu ya kaboneti na magnesiamu nyingi zilizoyeyuka ndani yake. Samaki wake wamezaliwa humo na wanayapenda. Ila amonia ina sura mbili: moja ni ya upole, haiingii mwilini kirahisi, na nyingine ni kali, inapenya matamvua moja kwa moja. Kinachoamua ipi itazidi ni pH na joto. Kwa joto la nyuzi 26, kwenye maji ya pH 7, sehemu kali haifiki hata moja kwa mia. Ikipanda hadi pH 8 inakuwa karibu sita kwa mia. Kwenye pH 9 inapita theluthi nzima. Kipimo kile kile cha amonia ambacho mfugaji wa maji laini angekiangalia bila wasiwasi, kwako kinaua. Sehemu kali ikifika hata miligramu 0.05 kwa lita tayari inaanza kuunguza matamvua. Kwenye beseni lako, kwa hesabu ile, huenda ilikuwa imepita miligramu 1.

Kuhema juu ya maji, kwa hiyo, kunalingana kabisa na matamvua yaliyoungua. Umeme kukatika kuliharakisha mambo, kwa sababu pampu ilisimama na hewa ikaacha kuingia. Hata usingekatika, samaki wale walikuwa taabuni tayari.

Sasa mkaa. Mkaa unaosifiwa kwenye video ni ule uliotengenezwa maalumu kwa mvuke au kemikali hadi ukajaa vitundu vidogo mno. Huo unanasa rangi, harufu, klorini na mabaki ya dawa. Amonia hauinasi kwa kiasi cha kukusaidia. Mkaa wetu wa kupikia hauna hata uwezo huo, na una jivu. Jivu likiingia majini linapandisha pH, na umeshaona pH ikipanda amonia inageuka kuwa nini. Kwa hiyo rafiki yako, kwa nia njema kabisa, alikuwa anakushauri uongeze sumu. Utoe mkaa wote kwenye mpango wako.

Kinachoondoa amonia ni viumbe hai, bakteria wanaoota wenyewe juu ya kila kitu kilicho ndani ya maji. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hao wanataka vitu viwili: mahali pa kushika, na oksijeni. Watu wengi wanahangaika na mahali pa kushika na kusahau oksijeni, na kwa maoni yangu huko ndiko machujio mengi ya kujitengenezea yanakofia.

Angalia tarakimu. Kugeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hadi iwe nitrati, bakteria wanatumia oksijeni kama gramu 4.6. Ziwa lipo kwenye kimo cha mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho na joto la nyuzi 26, lita moja ya maji yaliyojaa hewa inabeba oksijeni kama miligramu 7.4. Tangi lako ni lita 270, na ukishaweka mchanga na mawe yatabaki maji lita 240 hivi. Oksijeni yote iliyomo haifiki gramu 2. Na hizo gramu 2 samaki nao wanazivuta. Maji yasipogusana na hewa mfululizo, chujio lako na samaki wako wanaanza kunyang'anyana pumzi.

Kwa hiyo, je, mchoro wa matumbawe? Ni mzuri sana kwa kazi yake, ila kazi yake si yako. Kitoa povu kinategemea chumvi: kwenye maji ya bahari viputo vya hewa vinabaki vidogo bila kuungana, vinabeba uchafu hadi juu na kuufanya povu zito. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, hata haya yetu yenye madini mengi, viputo vinaungana haraka na kupasuka, na utabaki na chombo cha gharama kinachochemka bila kutoa kitu. Mawe nayo: mawe ya matumbawe yamejaa vitundu, bakteria wanaishi hadi ndani. Mengi ya mawe utakayookota kando ya ziwa letu ni mazito na magumu. Yaweke, kwa sababu samaki wa Tanganyika wanayahitaji kwa kujificha na kugawana maeneo, lakini usiyahesabu kuwa chujio.

Kinachobaki kwenye mchoro wako ni tangi la chini lenyewe, lile la ndani ya kabati, na pampu yake. Linaweza kufanya kazi, na nitalirudia. Ila kwa mtu anayeanza, mwenye tangi la lita 270, mahali ambapo umeme unaweza kukatika usiku, mimi ningeanza na ukuta wa sponji unaoendeshwa kwa hewa. Wafugaji wa Ujerumani wameutumia kwa miaka mingi na unajulikana kwa jina la mji wa Hamburg. Unatumia umeme mdogo, unaingiza oksijeni wakati huo huo unaposafisha, na hauna bomba hata moja linalotoka nje ya tangi la kukumwagia maji sebuleni.

Unajengwa hivi. Chukua kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 5 hadi 6. Upana wake uzidi kidogo upana wa ndani wa tangi ili kikiingia kibane chenyewe, na kimo kizidi kidogo usawa wa maji. Kisimamishe kama ukuta, sentimita 12 hivi kutoka mwisho mmoja wa tangi. Ili kisiyumbe, gundisha vipande vyembamba vya kioo kila upande kwa silikoni tupu, ile isiyowekwa dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke siku kadhaa kabla ya kutia maji. Samaki wanakaa upande mkubwa. Upande mdogo, nyuma ya ukuta, unasimamisha mabomba mawili ya plastiki ya milimita 25, yenye kona juu inayopenya sponji na kumwaga maji usawa wa uso wa tangi, upande wa samaki. Mpira wa hewa unaingia kwenye kila bomba karibu kabisa na mwisho wake wa chini.

Hewa ikiingia, maji yaliyo ndani ya bomba yanachanganyika na viputo na kuwa mepesi kuliko yaliyo nje. Yale mazito ya nje yanayasukuma juu. Nyuma ya ukuta usawa unashuka kidogo, na maji ya upande wa samaki yanalazimika kupita ndani ya sponji kuja kufidia. Ndiyo sababu hewa iingie chini kabisa, na mdomo wa juu usipande juu ya uso wa maji zaidi ya sentimita moja au mbili. Kila sentimita unayoyalazimisha maji kupanda hewani inakula mwendo wake.

Kasi ya kupita kwenye sponji iwe ya taratibu, kama sentimita 5 hadi 10 kwa dakika. Ukuta wako una eneo la maji la sentimita 45 kwa 45 hivi, kwa hiyo lita 600 kwa saa zinakupa karibu sentimita 5 kwa dakika. Huhitaji kifaa cha kupimia: kinga maji ya bomba moja kwa jagi la lita moja ukiangalia saa. Likijaa kwa sekunde 12, bomba hilo linatoa lita 300 kwa saa, na mawili ni 600. Utaambiwa kwamba maji ya tangi lazima yazunguke mara tano au sita kwa saa. Ushauri huo unafaa kwa machujio madogo yanayobana kila kitu kwenye kopo. Ukuta mzima wa sponji unaridhika na mara mbili na nusu.

Kuhusu sponji, ya godoro inaweza kutumika, lakini uichague kwa mkono. Iwe mpya, isiyo na gundi, kitambaa wala dawa ya wadudu. Weka mdomo juu yake upulize: pumzi ikipita bila shida, matundu yake yako wazi, ikigoma, iache dukani. Ya godoro huwa na matundu madogo kuliko sponji za machujio, hivyo itaziba mapema na utaikamua mara nyingi zaidi. Ukiweza kupata yenye matundu makubwa, hiyo ndiyo ya kununua. Ioshe kwa maji matupu, sabuni isiiguse.

Pampu ya hewa iweke juu ya usawa wa maji, au uweke vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira, maana umeme ukikatika maji hufuata mpira hadi kwenye pampu. Na kwa kuwa umetaja umeme, hapa ndipo chujio la hewa linapokulipa. Pampu ya hewa ya volti 12 ya wati 5 inaendeshwa na betri ndogo ya saa-ampia 7, ile ya king'ora au ya taa za sola, kwa saa kama nane bila kuimaliza zaidi ya nusu. Pampu ya maji ya tangi la chini, ya wati 40, ingehitaji betri kubwa na inveta. Katika chujio lililofungwa ndani ya ndoo au kopo, maji yakisimama bakteria wanamaliza oksijeni, wanaanza kufa, na umeme ukirudi pampu inaurudisha uozo wote kwa samaki. Sponji iliyo wazi ndani ya tangi haifiki huko haraka.

Ukija kutaka tangi la chini baadaye, mambo mawili tu uyajue kabla hujakata kioo. Katika tangi lako kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4. Pampu ikisimama, bomba la kurudisha maji juu linageuka kuwa la kunyonya. Mdomo wake ukiwa sentimita 8 chini ya uso wa maji, lita 43 zitateremka hadi hewa iingie. Tangi la chini liwe na nafasi tupu ya kuzipokea, na bomba hilo ulitoboe tundu dogo chini kidogo tu ya uso wa maji ili livute hewa mapema. La pili ni pampu: ile iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa inatoa kiasi hicho ikiwa haipandishi maji popote. Soma kimo cha mwisho kilichoandikwa ubavuni mwake. Ikisema mita 2 na wewe unapandisha mita 1.2, tegemea nusu au pungufu.

Maji utayapata wapi? Ya ziwani ndiyo bora, ila uyachote mbali na bandari na mwalo wa Kibirizi, mahali pasipo na mafuta ya boti wala maji ya mitaro. Kumbuka kuna kichocho katika baadhi ya fukwe: jitahidi usisimame majini muda mrefu, yaache maji kwenye pipa siku mbili kabla ya kutumbukiza mikono, na usinyonye mpira wa kuvutia maji kwa mdomo. Ya bomba nayo yanafaa, lakini yametiwa klorini, na klorini inaua bakteria uliowalea kwa wiki kadhaa. Yaweke kwenye pipa wazi na jiwe la hewa, lile la kutoa viputo, kwa siku moja hadi mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ya kukamua sponji, ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba. Na kubadilisha maji utabadilisha, asilimia 15 hadi 20 kila wiki, maana nitrati haina njia nyingine ya kutoka.

Baada ya kujenga, jambo gumu kuliko yote ni kungoja. Bakteria wanahitaji wiki nne hadi sita kuota vya kutosha. Washa chujio, tia chembe chache za chakula kila siku kana kwamba samaki wapo, upime. Amonia itapanda kisha itashuka, nitriti itafuata vivyo hivyo. Zote mbili zikisoma sifuri ilhali bado unaweka chakula, tangi liko tayari. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mfugaji mwenye samaki wazima, kibananishe na ukuta wako. Utapunguza muda huo sana. Vipimo vya amonia na nitriti usivione kuwa anasa. Kama pesa ni kidogo, punguza idadi ya samaki ununue vipimo.

Samaki nao uanze nao wachache. Lamprologus ocellatus, wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, ni wadogo na watakufurahisha. Julidochromis na Neolamprologus brichardi pia wanafaa, na vifaranga vyao hukaa karibu na ukuta wa sponji kudonoa vijidudu bila kunyonywa. Tropheus waache kwanza, wanapigana na tumbo lao ni jepesi kuugua. Cyphotilapia atapita sentimita 30, tangi hili halimtoshi.

Kuhusu kuwapata, onana na afisa uvuvi kabla ya kutupa wavu, kwa sababu kuvua samaki wa mapambo kunahitaji kibali, na maji ya hifadhi za Gombe na Mahale hayaguswi. Nakuomba jambo moja zaidi, na nalisema kwa uzito wote: samaki akishakaa tangini usimrudishe ziwani. Tropheus wa mwamba mmoja anaweza kuwa na rangi tofauti kabisa na wa mwamba wa jirani, kwa sababu wametengana kwa vizazi vingi mno. Ukimwachia mahali asipotoka unachanganya kitu ambacho hakipo kwingine duniani.

Mambo mawili usiyamalize kwa maelezo ya kusoma. Tangi hilo likijaa maji, mchanga na mawe litapita kilo 350. Kwa urefu na kimo hicho ningetaka kioo cha milimita 10 chenye mikanda juu. Kama fundi ametumia chembamba zaidi, mwite mtu mwenye uzoefu wa matangi akikague, kisha lijaze nje kwa siku tatu kabla ya kuliingiza ndani. La pili ni umeme: fundi mwenye leseni akufungie soketi yenye waya wa ardhi na kikata umeme kinachohisi mtu akishikwa, na kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Na ikiwa wiki ya sita imepita amonia bado haishuki, au samaki wanahema ilhali vipimo vinasoma sifuri, usianze kumwaga dawa. Chota maji kwenye chupa safi iliyojaa hadi mdomoni, andika saa uliyochota, uende nayo siku hiyo hiyo chuo cha uvuvi cha FETA pale Kibirizi au kituo cha utafiti cha TAFIRI cha Kigoma, ukaombe kuonana na mtu wa maji. Chukua na picha ya chujio lako, ili aone hewa inaingilia wapi.